Namna Nilivyoukamilisha Utenzi wa Mkonge

Utenzi nilioutunga kuhusu mkonge wa Tanga na watu walioletwa kuukata umekamilika. Tangu niwaarifu jamaa na malenga wenzangu, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi halihusu mkonge wala vina. Wanataka kujua niliipata wapi subira ya kuendelea na kazi ambayo hakuna aliyenituma kuifanya, hakuna aliyenilipa, na hakuna ambaye angenidai kama ningeiacha njiani. Swali hilo ni la haki, kwa sababu wengi wetu tuna daftari lenye beti chache za mwanzo, riwaya iliyokoma katika sura ya tatu, au picha zilizokusanywa kwa ajili ya maonyesho ambayo hayakufanyika. Nitaeleza kwa urefu jinsi nilivyoipanga kazi yangu, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba mpangilio ulinisaidia kuliko kipaji, na kwamba hamu ya kutunga, ambayo watu hudhani hutangulia, kwangu ilifika kila siku baada ya kazi kuwa imekwisha kuanza.

Mimi ni mtunza bohari ya dawa katika hospitali moja mkoani Tanga. Siku yangu hupita katika kupokea mzigo, kuukagua, kuuandika kwenye leja, kuutoa kwa wadi zinazouhitaji na kuhakikisha kwamba salio lililo kwenye karatasi ni lile lile lililo kwenye rafu. Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma akaja mashamba ya mkonge akiwa manamba, yaani mmoja wa vibarua walioandikishwa kwa mkataba huko kwao na kusafirishwa makundi kwa makundi, kila mmoja akijulikana kwa namba. Hakurudi. Alioa huku, akazaa huku, na kaburi lake liko huku. Nilipokuwa msichana nilisikia visa vyake nusu nusu, na nilipokuwa mtu mzima niliona kwamba wanaovijua vizima wanapungua. Hiyo ndiyo sababu ya kazi hii, na niliiandika kwa sentensi moja kwenye jalada la ndani la daftari la kwanza kabla sijatunga hata mshororo mmoja. Ninamshauri kila anayeanza kazi ya namna hii aiandike sababu yake mahali atakapoiona kila anapofungua daftari, kwa maana baada ya miezi kadhaa sababu husahaulika, na kinachobaki mezani ni uchovu mtupu.

Maudhui yenyewe ni makubwa, na ukubwa wake ungeweza kuniangusha mapema. Mkonge uliletwa na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo, mashamba yalienea kandokando ya reli ya kutoka Tanga kuelekea Moshi, na kufikia miaka ya mwanzo ya Uhuru nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani kwa katani, ikizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka 1964. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna utawala wa Wajerumani, vita, utawala wa Waingereza, ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoitwa SILABU iliyoanzishwa mwaka 1944, watu kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, migomo ya miaka ya 1950, na Uhuru wa 1961, na baada ya tarehe hizo kuna Azimio la Arusha la 1967 na kuporomoka kwa bei pale kamba za nailoni zilipoiteka biashara. Anayejaribu kuyabeba hayo yote kichwani hatatunga. Atakaa akiyawaza.

Kwa hiyo nililigawa simulizi katika milango, na kila mlango nikaupa ukurasa wake wa habari kabla ya kuupa beti. Mlango wa kuletwa kwa mkonge, mlango wa reli, mlango wa kuandikishwa, mlango wa safari, mlango wa kambi, mlango wa korona, kwa maana ya mashine ya kusaga majani ili kutoa singa, yaani nyuzi, na kadhalika hadi leo. Kwenye ukurasa wa habari niliandika mambo machache tu ambayo mlango ule ulikuwa lazima uyaseme, pamoja na chanzo cha kila jambo: kama nilisimuliwa na mzee, nililisoma, au nililikuta kwenye karatasi za zamani za familia. Mlango ambao ukurasa wake wa habari haujajaa sikuruhusu uanze kutungwa. Kanuni hiyo inaonekana ngumu, lakini iliniokoa na jambo linalowakwamisha watunzi wengi, nalo ni kusimama katikati ya ubeti kwa sababu hujui kilichotokea baadaye, kisha kuamini kwamba umekauka.

Chombo kilichonisaidia kuliko vyote ni leja ya vina. Utenzi, kama wasomaji wangu wanavyojua, una mishororo minne ya mizani nane, yaani silabi nane, katika kila ubeti. Mitatu ya kwanza inakubaliana vina, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachodumu kutoka ubeti wa kwanza hadi tamati. Nilichagua kina cha -ni. Mwenye kuchagua -ni anajua kwamba amejifungulia mlango mpana, kwa kuwa kila mahali panaweza kuishia hapo: shambani, kambini, garini, njiani. Upana huo ni hatari, kwa sababu beti hamsini zinazoishia kwa mahali humchosha msikilizaji hata kama hajui kinachomchosha. Nilinunua leja ya kawaida ya dukani, ile yenye mistari ya safu, na kila ukurasa nikaupa silabi moja. Chini yake niliorodhesha maneno yanayoishia kwa silabi hiyo, na mbele ya kila neno nikaandika namba ya ubeti lilipotumika. Silabi ya -ni niliipa kurasa za pande mbili. Upande wa kushoto niliweka maneno ya mahali, na upande wa kulia yale yasiyo ya mahali: katani, thamani, deni, soni, mgeni, kanuni, huzuni, yakini, thelathini, hisani, amani. Nilipotaka kutunga, nilitazama upande upi umetumika zaidi na kuchota kutoka upande wa pili, jinsi ninavyofanya kazini ninapotoa kwanza dawa ambazo muda wake unakaribia kwisha.

Ninaamini kwamba chombo cha kupangia kazi kinafaa kiwe kile ambacho mkono wako umekwisha kukizoea. Nimeonyeshwa programu nyingi za simu zenye rangi na kengele, na sina ugomvi na anayezitumia. Hata hivyo, mimi natumia leja kila siku, najua kuisoma kwa mtazamo mmoja, na haizimiki umeme unapokatika. Mshonaji ana namna yake ya kuhifadhi vipimo vya wateja, na fundi seremala ana namna yake ya kuandika oda ukutani. Mtu akiitumia namna hiyo hiyo katika kazi yake ya sanaa, hatalazimika kujifunza mambo mawili mapya kwa wakati mmoja.

Nilitunga alfajiri baada ya swala, kabla nyumba haijaamka, na kila nilipofunga daftari niliacha maagizo kwa ajili ya kesho yake. Hili ni jambo dogo ambalo ningependa lichukuliwe kwa uzito. Sikufunga daftari pale nilipoishiwa. Nililifunga pale nilipokuwa bado najua kinachofuata, na chini ya ubeti wa mwisho niliandika kwa penseli: ubeti ujao, mnyapara (msimamizi wa vibarua) anaita majina, vina vya -ta au -sha. Asubuhi iliyofuata sikukutana na ukurasa mweupe. Nilikuta agizo, na agizo hutekelezwa hata na mtu mwenye usingizi. Mara nyingi ubeti wa kwanza wa asubuhi ulikuwa dhaifu, wa pili ulikuwa wa wastani, na kuanzia wa tatu hivi ndipo hamu ilipokuja na kukaa nami mpaka muda wa kwenda kazini.

Wakati mwingine habari ilijileta yenyewe ikiwa imekwisha kupimwa. Nilipokuwa natafuta namna ya kuieleza ile miche iliyosalimika, niliihesabu idadi kwa vidole na nikakuta ni mizani nane kamili. Ubeti ukatoka bila kusitasita:

Sitini na miwili tu
ilifika pwani kwetu,
ikapandwa nchi yetu,
ndio mwanzo wa katani.

Beti za namna hiyo ni zawadi, na mtunzi huzishukuru, lakini haifai kuzigeuza kipimo cha siku nyingine zote. Siku nyingi zilikuwa kama ile nilipokuwa kwenye mlango wa kuandikishwa. Nilikuwa na mishororo miwili mizuri, kisha wa tatu ukagoma. Nilichotaka kusema ni kwamba watu wale walisahauliwa majina yao, na kila nilivyoandika, mizani ilikuwa kumi au kumi na moja. Sikuketi pale kushindana nao. Niliuzungushia duara, nikauandika jinsi ulivyo, nikaendelea na ubeti uliofuata, na kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari nikaandika namba ya ubeti ule chini ya kichwa cha habari kisemacho "Yanayosubiri". Siku kadhaa baadaye, nikiwa bohari nahesabu maboksi ya glavu, neno vuliwa likaja. Ubeti ukawa hivi:

Garini wakapakiwa,
namba wakaandikiwa,
majina wakavuliwa,
bila haya wala soni.

Kuvuliwa jina ni zito kuliko kusahauliwa jina, na neno hilo ndilo nililokuwa nalihitaji tangu mwanzo. Ukurasa wa Yanayosubiri ulinifundisha kwamba tatizo lililoandikwa mahali panapojulikana haliogopeshi. Linaloogopesha ni lile linaloelea kichwani, ambalo humfanya mtunzi aone kazi nzima ina kasoro ilhali kasoro iko kwenye mshororo mmoja. Nilipoufungua ukurasa ule na kuona duara chache tu zimebaki, nilijua hali halisi ya kazi yangu, na mtu anayejua hali halisi ya kazi yake haikimbii.

Kuna siku ambazo mtu hawezi kutunga kabisa, na hapo ndipo kazi nyingi za kujitolea zinapokufa, kwa sababu mwenye kazi hudhani kwamba siku bila kutunga ni siku bila kazi. Hospitalini tuna kipindi cha kuhesabu mali yote ya bohari, na wakati huo ninarudi nyumbani kichwa kikiwa kimejaa tarakimu. Kwa siku kama hizo niliweka orodha ya kazi zisizohitaji wepesi wa akili: kunakili beti zilizokamilika kwa mwandiko safi kwenye daftari la pili, kujaza namba katika leja ya vina, kupiga picha kurasa mpya kwa simu na kujitumia kwa barua pepe ili moto au mvua visinipotezee kazi, na kusikiliza sauti za wazee nilizorekodi huku nikiandika maneno niliyokuwa sijayanukuu. Kunakili hasa kulinifaa kuliko nilivyotarajia. Mkono unaponakili, sikio nalo linasikia, na beti nyingi zenye kilema zilijitambulisha zenyewe wakati nikizinakili kwa uchovu bila kuzitafuta.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa katikati. Mwanzoni kuna upya wa jambo, na mwishoni kuna kuona ufuko. Katikati hakuna lolote kati ya hayo mawili: umekwisha kutunga beti nyingi kiasi kwamba kuacha kunaumiza, na zilizobaki ni nyingi kiasi kwamba kuendelea hakukupi faraja. Kwangu ilikuwa kwenye mlango wa kambi, ambao habari zake ni nzito, za magonjwa, za chakula cha posho na za barua ambazo hazikujibiwa. Nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliuacha mlango ule kwa muda na kutunga tamati. Wazee wetu waliotunga tenzi walikuwa na desturi ya kufunga kwa kutaja jina la mtunzi, tarehe na idadi ya beti, jambo lililosaidia pia wanakili wasiongeze wala kupunguza. Nilitunga beti za kufungia kwa desturi hiyo, nikataja idadi niliyokusudia katika mshororo mmoja, "beti zangu mia sita", na kuanzia siku ile kazi yangu ilikuwa na mwisho ulioandikwa kwa wino, ikibaki tu kujaza pengo lililo kati ya hapa na pale.

La pili, nilirudi kuwatazama waliotangulia, nikiangalia zaidi namna walivyoishi kuliko tungo zao. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake wa kumuusia binti yake mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, na akaukamilisha kwa kutaja hesabu ya beti na mwaka wa Hijria, 1275. Mwengo wa Athumani huko Pate, mwaka 1728, alitunga utenzi wa vita wenye beti zaidi ya 1,100, wakati karatasi na wino havikuwa vitu vya kununua kila duka. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na hapa Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Utenzi wake mrefu juu ya vita vya 1939 hadi 1945 una beti zipatazo 3,000, na ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Ninapofikiri kwamba alikuwa na ofisi ya kwenda asubuhi kama mimi, na kwamba hakukiona kitabu kile kikiwa kimechapwa, sioni haki ya kulalamika kwamba ratiba yangu imebana. Sisemi haya ili kumlinganisha mtu yeyote na Shaaban Robert. Ninasema kwa sababu tumezoea kuwaona watu wale kama waliokuwa na wasaa ambao sisi hatuna, na kumbukumbu za maisha yao zinaonyesha vinginevyo.

Katika jambo la wasikilizaji nina msimamo ambao malenga wenzangu kadhaa hawakubaliani nao. Sikuitangaza kazi hii kwa watu wengi ilipokuwa changa. Katika makundi yetu ya WhatsApp ya ushairi, mtu akitangaza kwamba anatunga utenzi mrefu, hupokea pongezi na dua siku hiyo hiyo, na nimeona mara nyingi jinsi pongezi zinazotangulia kazi zinavyompa mtu ridhaa ambayo alipaswa kuipata kwa kumaliza. Badala yake nilichagua wasikilizaji wachache ambao kazi yenyewe iliwahusu. Shangazi yangu, aliyezaliwa kambini, alisikiliza kila mlango ulipokamilika. Mzee mmoja wa jirani yetu, aliyekata mkonge tangu ujana hadi kustaafu, alikubali niende kwake baada ya swala ya alasiri kumghania beti mpya. Nilighani, sikusoma, kwa kuwa utenzi ulitungwa ili uimbwe, na mizani iliyopungua hujificha kwenye karatasi lakini haiwezi kujificha kwenye sauti.

Mzee huyo alikuwa msikilizaji wa haki kabisa. Nilimghania ubeti huu:

Visu wakavikamata,
mikonge wakaikata,
na jasho likawapata,
jua liko utosini.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani alikwambia tulikata jua likiwa utosini?" Akanieleza kwamba mkataji mwenye akili aliingia shambani usiku usiku, ili amalize kiwango chake kabla jua halijakaza, na kwamba miiba ya ncha za majani ilikuwa hatari zaidi gizani, lakini hatari hiyo waliichagua kuliko joto. Nilirudi nyumbani na ubeti mpya, ambao mishororo yake miwili ya mwisho ni hii: "umande ukawapata, kungali giza shambani". Nina hakika kwamba hakuna kitabu ambacho kingenipa umande ule. Pia nina hakika kwamba ziara zile ndizo zilizonifanya nisiache, kwa sababu nilipokosa kwenda, mzee alimtuma mjukuu wake kuja kuuliza kama mimi ni mgonjwa au kama mlango wa korona bado haujaisha. Mtu anayesubiri kusikia kinachofuata ana nguvu kuliko ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani, mradi awe anasubiri kazi yenyewe na si habari kwamba unafanya kazi.

Kuhusu tuzo nitasema kwa ufupi. Tunaoandika kwa Kiswahili siku hizi tuna bahati ya kuwa na mashindano yenye tarehe za mwisho zinazojulikana, ikiwemo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal-Cornell inayopokea miswada ya riwaya na ya ushairi. Tarehe hizo ninazithamini, lakini nilizitumia kwa kazi moja tu, nayo ni kupanga lini mswada uchapwe kwa kompyuta na kusahihishwa. Sikuziruhusu zipange lini mlango fulani utungwe, kwa kuwa ubeti uliotungwa kwa kuogopa tarehe huonekana, na msomaji makini huuona upesi kuliko anavyodhani mtunzi.

Nilipofunga mlango wa mwisho na kujumlisha beti zote pamoja na zile za tamati, hesabu ilikuwa 612. Mshororo wa kufungia ulikuwa unasema mia sita, na "mia sita na kumi na mbili" ina mizani kumi, kwa hiyo haiingii katika mshororo kwa namna yoyote ya halali. Ningeweza kuutunga upya ubeti wa tamati, na shangazi yangu alinishauri hivyo. Lakini nilipoipitia leja kuanzia mwanzo, niliona beti ambazo zilikuwepo kwa sababu nilikuwa na vina vizuri tu, bila kuongeza habari yoyote katika simulizi. Katika mlango wa reli kulikuwa na nne, zote zikisifu injini ya garimoshi kwa maneno tofauti. Katika mlango wa safari kulikuwa na tatu za namna hiyo. Nilizitoa moja baada ya moja, nikighani sehemu iliyobaki kila mara ili kuona kama kuna pengo linalosikika, na zilipofika kumi na mbili nikasimama, ingawa nilikuwa na mashaka na mbili nyingine ambazo nimeziacha kwa ajili ya mhariri. Namba zote za beti katika leja ya vina ilibidi zirekebishwe, kazi iliyonichukua jioni kadhaa, nami niliifanya kwa furaha kwa sababu ilikuwa ni kazi ya mtu anayefunga hesabu zake.

Mswada sasa umechapwa. Kinachoendelea ni kuandaa sherehe ya maneno, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, kwa ajili ya vijana ambao hawajui korona ni nini, mnyapara alikuwa nani, wala kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku thelathini kilijazwaje, na hiyo nimeifungulia leja yake, kila neno na jina la mlango linakotokea. Mzee wa jirani ameomba nakala yake ichapwe kwa herufi kubwa, nayo itatoka kwanza kabla ya ile ya kupeleka kwenye shindano.